Maji ya Kijani Ndiyo Malisho: Mbolea Katika Kidimbwi cha Samaki

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vinavyofuga samaki)



Leo tunataka tuzungumze juu ya rangi ya maji. Pengine wengine wenu mlitarajia tuanze na bei ya vifaranga au mambo ya soko. Hayo nayo yana siku yake. Lakini katika kutembelea vikundi tumeona kwamba mradi wa samaki mara nyingi hauvunjiki sokoni. Huvunjika siku ya kuvua. Miezi sita imepita tangu vifaranga watiwe majini, wavu unavutwa, watu wamekuja na karai na ndoo, na wanaotoka ni samaki wa urefu wa kidole. Wanakikundi wanatazamana. Mweka hazina anafungua kitabu chake, anakifunga. Halafu mmoja anasema, "Tuliuziwa vifaranga wabaya."

Ni kweli, vifaranga wabaya wako. Lakini tukisogea kando ya maji mara nyingi tunaona sababu nyingine hapo hapo. Maji ni maangavu kabisa, unaona mpaka matope ya chini, unaona hata kijiti kilichozama. Wenyewe wanajivunia: "Angalieni maji yetu yalivyo safi." Jamani, hao samaki walikuwa wakiishi katika nyumba safi isiyo na chakula.

Mnakumbuka mwaka wa 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa vidimbwi, vidimbwi 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, kila kimoja mita mraba 300. Vingine vinalisha watu mpaka leo. Vingine vimeota nyasi na vyura ndio wenye nyumba. Sababu ni nyingi, na hatusemi zote zilikuwa mbolea. Mahali pengine maji yalikauka, mahali pengine chakula cha dukani kilipanda bei watu wakachoka. Lakini aliyejifunza kuotesha chakula ndani ya maji yenyewe hakutegemea gunia la chakula peke yake, na huyo alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea.

Sasa, hicho chakula ni nini? Chota maji ya kijani kwenye gilasi uyatazame kwenye jua. Huoni majani, huoni mizizi, unaona rangi tu. Ukiyapeleka shuleni kwa mwalimu mwenye hadubini, mtaona maajabu: tone moja limejaa vijimea vidogo sana, vingine vya mviringo, vingine kama uzi, vingine kama mashua. Katikati yao wanaogelea wadudu wadogo mno wanaovila. Vijimea na wadudu hao kwa pamoja, wanaoelea na kuchukuliwa na maji, wataalamu huwaita planktoni. Vijimea ndivyo nyasi. Wadudu ndio mbuzi wanaokula nyasi. Na samaki wetu anakula wote wawili.

Kifaranga wa samaki akiwa bado mdogo, awe ngege au kambare, hupenda sana wale wadudu, maana wana protini nyingi na wanaingia katika kinywa chake kidogo. Ngege, yaani tilapia, akikua anaweza kuchuja vijimea vyenyewe. Hapa tuna mfano wa karibu. Pale Uganda magharibi, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kuna Ziwa George. Ni ziwa lisilo na kina kirefu, wastani wake haufiki mita 3, na maji yake ni ya kijani mwaka mzima. Ngege wa ziwa hilo wamelisha watu miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu waliokuwa wakichunguza huko walionyesha kwamba ngege ana asidi kali sana tumboni, yenye nguvu ya kuvunja ngozi ya vijimea ambavyo samaki wengine huvimeza na kuvitoa vilevile. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema ngege hawezi kunenepa kwa "maji machafu ya kijani", mwambieni aende Ziwa George. Au asiende mbali, aangalie heroe wa Ziwa Nakuru. Ndege mkubwa vile, na chakula chake kikuu ni vijimea visivyoonekana kwa macho.

Kambare ni tofauti kidogo. Akiwa mdogo planktoni humfaa sana. Akiwa mkubwa anataka vitu vizito, kama wadudu, konokono na samaki wadogo, na hawezi kukua vizuri kwa maji ya kijani peke yake. Kikundi kilicho na kambare watupu kisituelewe vibaya leo. Mengi tutakayosema ni ya ngege.

Basi tukubaliane jambo moja. Mfugaji wa ngege kwanza ni mkulima wa vijimea. Shamba lake ni maji. Na shamba lolote linataka nini? Jua, maji yaliyotulia mahali pake, na mbolea.

Tuanze na hilo la maji kutulia, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hata ya kununua mbolea. Vikundi vingi tulivyotembelea vimefungua mfereji uingie upande mmoja na kutoka upande wa pili, mchana na usiku. Ukiuliza wanasema samaki wa mtoni anapenda maji yanayotembea. Hayo ni ya trauti, samaki wa maji baridi ya milimani kule Nyeri. Ngege si hivyo. Maji yakipita kila siku yanabeba vijimea na mbolea yako na kuvipeleka kwa jirani wa chini. Umenunua mfuko wa mbolea, umebeba samadi kwa kichwa, na anayefaidika ni mto. Tena maji ya mfereji ni ya baridi, na ngege hukua vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 ulaji wake hupungua sana, na vijimea navyo huongezeka polepole.

Kwa hiyo funga mlango wa maji. Fungua tu kujaza yale yaliyokauka kwa jua au kuvuja, na siku ya hatari ambayo tutaieleza. Mvua kubwa ya Aprili nayo ina desturi ya kufurika juu ya ukingo na kuchukua kila kitu. Chimba mtaro wa kuepusha maji ya mlimani yasiingie kidimbwini. Mtaro huo hauna gharama, ni jembe na asubuhi moja ya kazi ya pamoja.

Haya, mbolea. Vijimea vinataka vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyokosekana mara kwa mara: naitrojeni na fosforasi. Nyinyi mnavijua, hata kama hamviiti hivyo, maana DAP mnayopandia mahindi ina vyote viwili na urea ya kukuzia ina naitrojeni. Katika kidimbwi fosforasi ndiyo inayokosekana zaidi. Kwa nini? Naitrojeni iko tele hewani, na kuna vijimea vinavyoweza kuichukua, kama vile mizizi ya maharagwe na kunde inavyofanya shambani. Fosforasi haiko hewani. Isitoshe, matope ya chini yana choyo nayo. Ukiitia leo, baada ya siku chache sehemu kubwa imenaswa na matope na haitoki upesi.

Hapo ndipo inapotoka ile kanuni ya kutia kidogo kidogo kila wiki. Kuna kikundi kimoja ambacho kilimwaga mfuko mzima siku ya kwanza ili "wamalize kazi". Maji yakawa kijani kikali wiki moja, halafu yakarudi kuwa maangavu, na mbolea yote imelala chini ya matope. Punje za DAP ukizitupa jinsi zilivyo zinazama moja kwa moja kwa yule mwenye choyo. Njia nzuri ni kuzilowesha katika ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi unakoroga, kisha unatembea kando ya kidimbwi ukinyunyiza juu ya maji yote kwa kopo. Urea huyeyuka upesi, unaweza kuikoroga asubuhi hiyo hiyo.

Kipimo kinachofundishwa sana hapa Kenya ni gramu 2 za DAP na gramu 3 za urea kwa kila mita mraba, kila wiki. Kidimbwi cha mita mraba 300 basi kinataka gramu 600 za DAP na gramu 900 za urea kwa wiki. Kwa miezi sita, yaani wiki 26, inafika karibu kilo 16 za DAP na kilo 23 na nusu za urea. Mnaona hesabu inavyokwenda? Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 unatosha vidimbwi vitatu vya namna hiyo kwa msimu mzima. Mfuko wa urea unatosha viwili. Vikundi vitatu vya jirani vikiungana kununua, mzigo unakuwa mwepesi. Na msipime kwa kukisia kwa mkono. Nendeni na kopo tupu kwa mwenye duka, apime gramu 600 kwa mizani mara moja, mweke alama kwa msumari mahali mbolea ilipofika. Kuanzia hapo kopo ndilo mizani yenu.

Kuna wasio na pesa ya DAP, na hao ni wengi. Samadi inafanya kazi, tena inafanya kazi mbili: inalisha vijimea, na vipande vyake vinalisha wale wadudu wadogo moja kwa moja. Kipimo ni gramu 50 za samadi kavu kwa mita mraba kwa wiki, yaani kilo 15 kwa kidimbwi cha mita mraba 300. Tunasema kavu. Mavi mabichi ya ng'ombe sehemu kubwa yake ni maji, kwa hiyo usilinganishe karai la mabichi na karai la makavu. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi kuliko ya ng'ombe. Ya ng'ombe ina nyuzi nyingi za majani, na ukiizidisha maji yanakuwa rangi ya chai. Maji ya rangi ya chai yanazuia jua, na bila jua hakuna kijimea.

Samadi usiimwage katikati. Jenga kizizi kidogo cha fito ndani ya maji, pembeni, kichukue kama sehemu moja ya kumi ya kidimbwi au chini ya hapo. Tia samadi humo pamoja na majani mabichi, na kila wiki ikoroge kwa mti ili yale maji ya mbolea yatoke polepole. Wanaotumia samadi na mbolea ya dukani pamoja wapunguze zote mbili, wasitie kipimo kamili cha kila moja.

Mavi ya binadamu hapana. Usijenge choo juu ya kidimbwi wala karibu nacho. Na kuna sumu nyingine ambayo watu hawaifikirii, dawa ya kupe na dawa ya kunyunyizia mboga. Nyingi kati ya hizo ni kali mno kwa samaki na kwa wale wadudu wadogo, hata kwa kiasi kidogo sana. Pampu ya kunyunyizia isioshwe kidimbwini, na ng'ombe aliyetoka kunyunyiziwa asiletwe kunywa hapo.

Sasa mtu atasema, "Sisi tulitia mbolea, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji hayakugeuka." Hilo hutokea, na kabla ya kununua mfuko mwingine angalieni mambo mawili.

La kwanza, udongo wenu. Mahali penye udongo wenye asidi, matope hunasa fosforasi vibaya zaidi, na vijimea havipati vya kutosha hata ukitia kila siku. Mtajuaje? Kama mnatoka sehemu za majani chai, Kisii au Vihiga au Nyeri, chai ndiyo inayowaambia, kwa sababu chai hupenda udongo wenye asidi. Dawa ni chokaa ya shambani, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100, inayotawanywa kidimbwi kikiwa kitupu kabla ya kujaza maji. Ngoja wiki moja au mbili ndipo utie mbolea. Ukivitia siku moja, chokaa nayo itaikamata fosforasi. Chokaa kali ya kujengea usiitie samaki wakiwamo, itawaua.

La pili ni maji ya tope. Kama maji ni ya kahawia kwa sababu ya udongo, mbolea haina kazi, maana jua halipiti. Tafuta kinachochafua. Je, ni ng'ombe wanaoingia? Ni bata? Ni ukingo usio na nyasi unaomomonyoka kila mvua ikinyesha? Tengeneza hicho kwanza. Wengine hutia matita machache ya nyasi kavu majini, na yakioza tope hutulia kiasi. Lakini msiyazidishe, kuoza kunakula hewa.

Baada ya kutia mbolea kwa njia nzuri, maji huanza kugeuka rangi ndani ya wiki moja au mbili. Ngojeni rangi ije ndipo mlete vifaranga. Ukiwaleta siku ya kujaza maji, unamwalika mgeni kabla sufuria haijawekwa mekoni.

Tufike kwenye kipimo cha rangi, na hapa tunaomba msikie wote, hata wale wa nyuma. Chombo cha kupimia mnacho, ni mkono. Simama kando ya kidimbwi jua likiwa juu, saa nne hadi saa sita, jua liwe mgongoni kwako. Nyoosha mkono, ukunje kiganja kiangalie juu, uuzamishe polepole. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko au karibu, maji ni mazuri. Ukiona vidole vyako wazi hata maji yakipita kiwiko, samaki wana njaa, ongeza mbolea. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika juu ya kifundo cha mkono, simamisha mbolea kabisa.

Mahali penye kichocho, usitie mkono. Tumia kifuniko cha bati cha upana wa sentimita 20 hivi, kipake rangi nyeusi na nyeupe robo kwa robo, kipigilie kwenye fimbo iliyotiwa alama kila sentimita 10. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 30 ni vizuri. Chini ya 20, acha mbolea. Zaidi ya 40, ongeza. Chombo hiki kilianza na padri, Mjesuiti Angelo Secchi wa Italia, mtaalamu wa nyota. Mwaka wa 1865 alizamisha visahani baharini kutoka katika meli ya Papa ili kupima uangavu wa maji. Mpaka leo wataalamu duniani wanatumia kisahani chake, na sisi tunatumia kifuniko cha kopo la rangi. Lakini kumbukeni, kisahani hakijui kutofautisha kijani na tope. Macho yenu ndiyo yatakayosema.

Kipimo hiki kifanyike kila wiki siku ile ya mbolea, kabla ya kutia, na mtu mmoja aandike. Kikundi kikiachia kila mtu, hakuna atakayepima. Tumeona pia kikundi ambacho katibu alitia mbolea Jumatatu, na mwenyekiti bila kujua akatia tena Jumatano. Kitabu cha kidimbwi, hata kama ni daftari la mtoto, kinazuia hayo.

Kwa nini tunasisitiza kuacha? Kama kijani ni chakula, si kijani zaidi ni chakula zaidi? Hapana, na hapa kikundi kinaweza kupoteza msimu mzima kwa usiku mmoja.

Mchana vijimea vinatengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na vinatoa oksijeni, hewa ile ambayo samaki anaipumua ndani ya maji. Mchana kidimbwi cha kijani kina hewa nyingi. Jua likizama kazi hiyo inasimama. Sasa vijimea vyenyewe vinapumua, wadudu wanapumua, samaki wanapumua, samadi inayooza nayo inakula hewa. Wote wanakula akiba ya mchana. Vijimea vikiwa vya kiasi, akiba inafika asubuhi. Vikiwa vingi mno, akiba inaisha kabla ya alfajiri. Hatari huwa kubwa zaidi baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito, kwa maana mchana wenyewe haukuweka akiba. Na wakati mwingine vijimea vilivyojaa sana hufa vyote kwa pamoja, maji yanageuka kahawia au kijivu, na kuoza kwao kunamaliza hewa iliyobaki.

Dalili mtaiona saa kumi na mbili asubuhi, si saa tano. Ngege wako juu, vinywa vimetoka nje ya maji, wanahema. Piga hatua karibu. Kama wanakimbia kuzama, bado wana nguvu. Kama hawashtuki, haraka! (Kambare hupanda juu kuvuta hewa hata siku njema, ndivyo alivyoumbwa, msiogope.) Siku hiyo ndiyo ya kufungua mfereji. Ingiza maji mapya kwa nguvu, yaanguke kutoka juu yakipasuka ili yachukue hewa, na toa maji ya chini kama bomba lenu linaruhusu. Hakuna mfereji? Watu waingie na ndoo, wachote na kumwaga kutoka juu. Usilishe samaki siku hiyo. Ondoa samadi iliyo kwenye kizizi. Na mbolea isirudi mpaka kisahani kiseme sentimita 30.

Kwa hiyo wakati wa mawingu, hata kama daftari linasema leo ni siku ya mbolea, ngojeni jua. Na samadi ya kuku na urea ziogopwe zaidi, kwa sababu zikizidi zinaleta amonia, ile harufu inayochoma pua katika nyumba ya kuku, nayo ni sumu kwa samaki hasa wakati wa alasiri.

Wale wa Kisumu na Homa Bay mnaelewa haya bila kuambiwa. Ghuba ya Winam imekuwa ikipata kijani kizito miaka mingi, kwa mbolea na uchafu vinavyoletwa na mito na miji. Ni kazi ile ile ya naitrojeni na fosforasi, ila kule hakuna aliyeshika kopo la kupimia.

Tumalize na maswali yaliyoulizwa katika vikundi.

Mama mmoja aliuliza, "Samadi hii ni ya mahindi yangu. Nikiipeleka kwa samaki mahindi yatakula nini?" Swali zuri, na jibu letu ni kwamba hailiwi ikaisha. Ile fosforasi iliyonaswa na matope bado iko chini. Mkishavua na kukausha kidimbwi, matope ya juu yachoteni yaende kwenye sukuma wiki na ndizi. Na katikati ya msimu, maji ya kumwagilia mboga yachotwe kidimbwini, nayo yana mbolea. Kijaze tena polepole. Lakini kama samadi ni kidogo kweli, debe moja kwa wiki, lishe shamba kwanza na upunguze ukubwa wa kidimbwi. Kidimbwi kidogo cha kijani ni bora kuliko kikubwa chenye maji maangavu.

Wengine waliuliza kama maji ya kijani yanatosha bila chakula kingine. Kwa ngege wawili kwa mita mraba, miezi ya kwanza yanafanya kazi kubwa. Samaki wakishakuwa wakubwa, tumbo lao linashinda shamba, na kisahani kitaonyesha maji yakizidi kuwa maangavu hata mkitia mbolea. Hapo ongezeni pumba za mchele au za mahindi. Pesa ya pumba iwekwe kwa miezi hiyo ya mwisho, isitumiwe yote mwanzoni wakati vifaranga wana malisho tele bure.

Na kijana mmoja aliuliza juu ya ladha, maana mteja wake alirudisha samaki akisema ananuka matope. Mteja alisema kweli. Aina fulani za vijimea hutoa kitu kinachoingia katika nyama ya samaki na kuipa ladha ya udongo. Haina madhara, lakini inaua soko. Samaki wa kuuza watoeni siku chache kabla, muwaweke katika maji safi yanayopita, ndani ya wavu au kidimbwi kidogo cha pembeni, bila kuwalisha. Ladha hiyo hupungua. Kwanza pikeni mmoja nyumbani mwonje. Kama bado ananuka, waacheni siku mbili zaidi ndipo mwiteni mchuuzi.